Mwongozo Kamili wa Kuiga kwa Kompyuta Mtiririko Unaotetemesha Silinda

Nguzo iliyosimama katika maji yapitayo, waya wa umeme kwenye upepo na mirija iliyopangwa ndani ya kibadilisha joto vina tatizo moja. Giligili inapokisukuma kitu, kitu kinasogea, na kusogea kwake kunabadilisha mtiririko uleule uliokisukuma. Daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, Marekani, lilianguka tarehe 7 Novemba 1940 kwa upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa. Husimuliwa mara nyingi kwamba upepo ulipiga kwa mdundo uliolingana na mdundo wa daraja, lakini mtetemo uliolivunja ulikuwa wa kujipinda na ulijilisha wenyewe: daraja lilipojipinda lilibadilisha kani ya upepo, na kani hiyo ikazidi kulipinda. Ndiyo sababu hesabu ya mtiririko pekee haitoshi katika tatizo kama hili, na hesabu ya mtetemo pekee nayo haitoshi.

Mwongozo huu unamfaa mtafiti anayeanza kuiga matatizo ya aina hiyo. Mfano ninaoutumia ni silinda moja iliyoshikwa na springi, inayoweza kusogea upande kwa upande tu, maji yakipita. Nimeuchagua kwa sababu umepimwa na kuigwa mara nyingi sana, hivyo kosa lako litaonekana mapema. Msimamo wangu, ambao nitaurudia katika hatua karibu zote, ni kwamba mtiririko na mtetemo visiunganishwe kabla kila kimoja hakijathibitishwa kivyake. Kazi nyingi mbovu za uigaji nilizowahi kukagua ziliharibika hapo.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kwenye karatasi

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika namba zako. Tuchukue silinda yenye kipenyo cha milimita 10, ikiwa katika maji yenye mnato wa kinematiki wa 0.000001 m²/s na msongamano wa kilo 1000 kwa mita ya ujazo. Tunataka namba ya Reynolds iwe 100. Namba hiyo ni kasi mara kipenyo, gawa kwa mnato. Kwa hiyo kasi ya maji ni sentimita 1 kwa sekunde.

Kwa nini 100? Nyuma ya silinda isiyosogea, mtiririko huwa tulivu kabisa hadi namba ya Reynolds ifike takriban 47. Kuanzia hapo mizunguko ya maji huachiliwa kwa zamu, mmoja juu na mmoja chini, na kuunda ule msururu unaobeba jina la Kármán. Ikipita takriban 190, mkia wa mtiririko huanza kujikunja pia kwa urefu wa silinda, na hesabu ya vipimo viwili haiwezi tena kuuwakilisha kwa uaminifu. Namba 100 iko katikati: mizunguko ipo, msukosuko haupo, na vipimo viwili vinatosha.

Frikwensi ya kuachiliwa kwa mizunguko hutokana na namba ya Strouhal, ambayo kwa Reynolds 100 ni karibu 0.165. Zidisha kwa kasi, gawa kwa kipenyo, upate mizunguko 0.165 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja wa mtetemo (jozi moja ya mizunguko ya maji, wa juu na wa chini) kila baada ya sekunde 6.06.

Sasa springi. Maji yaliyosukumwa na silinda yana tungamo la kilo 0.0785 kwa kila mita ya urefu. Tukichukua silinda yenye uzito mara kumi ya huo, tungamo lake ni kilo 0.785 kwa mita. Tukitaka frikwensi yake ya asili, ikiwa nje ya maji, iwe 0.165 vilevile, ukakamavu wa springi unapaswa kuwa takriban 0.844 N/m kwa kila mita ya silinda. Ikiingia majini, silinda hubeba pia tungamo la nyongeza, yaani maji inayolazimika kuyasogeza, ambalo kwa silinda duara ni sawa na tungamo la maji yaliyosukumwa. Frikwensi ya asili ndani ya maji inashuka hadi 0.157. Kwa silinda nzito kiasi hiki tofauti ni ndogo. Kwa silinda yenye uzito mara mbili tu ya maji yake, frikwensi ingeshuka kwa zaidi ya asilimia 18. Kila unapotaja frikwensi ya asili katika ripoti, sema ni ya wapi.

Hesabu pia kani unazozitarajia. Nusu ya msongamano mara kasi ya mraba mara kipenyo inatoa 0.0005 N kwa mita. Kani ya kuburuta itakuwa takriban mara 1.34 ya hiyo, na kani ya upande itapanda na kushuka kwa takriban mara 0.33 yake, yaani 0.000165 N. Kani hiyo ya upande ikikaa tuli juu ya springi yetu ingeisogeza silinda milimita 0.2 tu, lakini frikwensi zikifungamana, yaani mizunguko ya maji ikifuata mdundo wa silinda, silinda itayumba karibu nusu ya kipenyo chake, yaani karibu milimita 5. Weka namba hizi mbili karibu nawe muda wote wa kazi.

Hatua ya pili: eneo la mtiririko na mipaka yake

Acha angalau vipenyo 15 mbele ya silinda, vipenyo 30 nyuma yake, na vipenyo 20 kila upande. Upana wa vipenyo 40 unamaanisha kwamba silinda inaziba asilimia 2.5 ya njia. Ukibana eneo ili kuokoa muda, maji yatalazimika kwenda kasi zaidi pembeni mwa silinda, kani zitapanda na frikwensi pia, na utaanza kutafuta kosa kwenye springi wakati kosa liko ukutani.

Kwenye mlango wa kuingilia weka kasi isiyobadilika; kwenye mlango wa kutokea weka shinikizo sifuri na uache kasi ijiamulie; pembeni ruhusu maji yateleze bila msuguano; juu ya silinda maji yawe na kasi ileile ya silinda. Sharti hili la mwisho ni jepesi kulisahau wakati silinda inaanza kusogea. Katika programu nyingi kuna sharti maalumu la ukuta unaosogea, na ukiacha lile la kasi sifuri, maji yatapenya ndani ya silinda bila programu kulalamika.

Eneo liwakilishe pia majirani wa kitu chako. Tarehe 1 Novemba 1965, minara 3 kati ya 8 ya kupoozea maji katika kituo cha umeme cha Ferrybridge, Uingereza, ilianguka kwa upepo. Minara ilikuwa imekaribiana, na iliyoanguka ilikuwa ikipigwa na mkia wa mtiririko wa ile iliyotangulia. Aliye na mirija kumi ndani ya kibadilisha joto asitarajie mrija mmoja umweleze habari ya yote.

Hatua ya tatu: wavu

Wavu ni mgawanyo wa eneo la maji katika seli ndogo ambamo hesabu hufanyika. Karibu na silinda, tabaka la mpaka, yaani maji yanayopunguzwa kasi na ukuta, lina unene unaokadiriwa kwa kugawa kipenyo kwa kipeuo cha pili cha namba ya Reynolds: hapa ni sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 1. Ukitaka seli kumi ndani ya tabaka hilo, seli ya kwanza iwe na unene wa milimita 0.1. Kuzunguka silinda weka seli 200, kila moja ikiwa na urefu wa takriban milimita 0.157. Kutoka hapo seli zikue taratibu, kila moja isizidi iliyoitangulia kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, na mkia wa mtiririko ubaki na seli ndogo kwa umbali wa vipenyo 10 angalau. Gmsh, programu ya kutengeneza nyavu, inatosha kabisa kwa kazi hii na haina gharama.

Kama unatumia OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko, kumbuka kwamba hata hesabu ya vipimo viwili inafanyika kwenye wavu wenye unene wa seli moja. Mimi niliwahi kupoteza karibu wiki tatu kwa sababu ya unene huo. Wavu wangu ulikuwa na unene wa milimita 1, programu ikanipa kani ya kipande hicho cha milimita 1, nami nikaiingiza kwenye springi yenye tungamo na ukakamavu wa mita nzima. Silinda ilikaa kimya. Nilibadilisha hatua ya muda, nikabadilisha wavu, nikabadilisha hata namna ya kukokotoa shinikizo, hadi siku niliyochapisha kani yenyewe na kuiweka kando ya ile 0.000165 ya kwenye karatasi, nikaona ni ndogo mara elfu moja kamili.

Hatua ya nne: hatua ya muda

Kwa mtetemo, hatua 200 katika kila mzunguko zinatosha, yaani sekunde 0.03 kila hatua. Lakini mtiririko una sharti lake. Namba ya Courant, iliyotokana na kazi ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928, ni kasi mara hatua ya muda, gawa kwa urefu wa seli. Pembeni mwa silinda maji yanaweza kufikia takriban mara moja na nusu ya kasi ya mlangoni. Ukitaka namba hiyo isizidi 1 kwenye seli za milimita 0.157, hatua ya muda inakuja kuwa sekunde 0.01. Mtiririko ndio unaoamua, nao unadai hatua takriban 600 kwa kila mzunguko. Njia fichiki za kukokotoa, zile zinazotatua thamani zote mpya kwa pamoja, huvumilia namba kubwa zaidi bila kulipuka, lakini kutolipuka si usahihi.

Hatua ya tano: silinda isiyosogea

Ishike silinda kabisa, na uendeshe hesabu. Wavu uliolingana sana juu na chini huchelewesha kuanza kwa mizunguko, wakati mwingine kwa mamia ya sekunde za hesabu. Anza kwa kuizungusha silinda kidogo au kuweka kasi ndogo ya upande mwanzoni, kisha uiondoe. Tupa sehemu yote ya mwanzo hadi upeo wa kani ya upande usibadilike tena.

Unatakiwa kupata Strouhal ya karibu 0.165, mgawo wa kuburuta (kani ya kuburuta gawa kwa ile 0.0005 N) wa karibu 1.34 na upeo wa mgawo wa kani ya upande wa karibu 0.33. Ukitaka mtihani mkali zaidi, tumia tatizo la Schäfer na Turek la mwaka 1996: mfereji wenye urefu wa mita 2.2 na kimo cha mita 0.41, silinda ya kipenyo cha mita 0.1 yenye kitovu mita 0.2 kutoka mlangoni na mita 0.2 kutoka sakafuni. Kwa Reynolds 100 mgawo wa juu kabisa wa kuburuta unatakiwa kuwa kati ya 3.22 na 3.24, na Strouhal kati ya 0.295 na 0.305. Namba hizi ni kubwa kuliko za kwetu kwa sababu kuta ziko karibu, jambo linalothibitisha tulichosema juu ya kubana eneo.

Kisha fanya kazi ambayo wengi huikwepa: rudia hesabu kwenye nyavu tatu, kila mmoja ukiwa na seli zenye nusu ya urefu wa uliotangulia. Tuseme mgawo wa kuburuta umetoka 1.402, kisha 1.361, kisha 1.350. Tofauti ya kwanza ni 0.041 na ya pili ni 0.011. Uwiano wake ni 3.73, na logi yake gawa kwa logi ya 2 inatoa 1.90, ambacho ndicho kiwango halisi cha usahihi wa njia yako. Kwa njia ya kiwango cha pili, hilo ni jibu zuri. Thamani ambayo wavu usio na ukomo wa udogo ungetoa inakadiriwa kwa kutoa 0.011 gawa kwa 2.73 kutoka 1.350, nayo ni 1.346. Kwa kipimo alichopendekeza Roache mwaka 1994, tukitumia kizidisho cha usalama cha 1.25, kutokuwa na uhakika kwa wavu mdogo kabisa ni takriban asilimia 0.37. Namba isiyo na hesabu hii kando yake mimi siiamini, hata ikifanana na jaribio la maabara, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana.

Hatua ya sita: springi peke yake

Ondoa maji. Mlinganyo ni tungamo mara mchapuko, jumlisha ufifishaji (kile kinachoumaliza mtetemo polepole) mara kasi, jumlisha ukakamavu mara umbali, sawa na kani. Njia ya Newmark ya mwaka 1959, yenye vigezo vya robo na nusu, ni thabiti na haiongezi wala kupunguza nishati. Ivute silinda milimita 5, iachie bila ufifishaji wowote, na uhesabu mizunguko 100: upeo wa mwisho uwe uleule wa kwanza. Kisha weka ufifishaji wa asilimia 1 ya ule wa ukomo, yaani ule mdogo kabisa unaotosha kukizuia kitu kisiyumbe, na uone kama kila kilele ni mara 0.939 ya kilichotangulia, na baada ya mizunguko kumi umebaki na mara 0.53 ya upeo wa mwanzo. Jaribio hili huchukua dakika chache.

Hatua ya saba: wavu unaosogea, bila chochote kingine

Silinda ikisogea, wavu lazima uifuate. Njia ya kawaida ni kuunyoosha na kuubana kwa mlinganyo wa usambaaji unaozifanya seli za karibu na silinda kuwa ngumu, ili zisogee pamoja nayo na mabadiliko yaangukie seli za mbali. Mtihani wake ni huu: ondoa silinda, jaza eneo lote mtiririko wa kasi moja, kisha tingisha nodi za ndani, yaani pembe za seli, upendavyo. Kasi isibadilike popote. Ikibadilika, programu yako haitunzi ujazo wa seli ipasavyo wakati zinapobadilika umbo, na kila mtetemo utaingiza maji ya uongo. Kwa silinda moja ngumu kuna njia ya mkato iliyo safi zaidi, nayo ni kuuacha wavu wote usogee na silinda bila kubadilika umbo na kuongeza mchapuko wa silinda kwenye milinganyo ya mtiririko. Vitu vikiwa viwili, njia hii haifai tena.

Hatua ya nane: kuunganisha

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa namna rahisi, unakokotoa mtiririko, unachukua kani, unaisogeza silinda, unausogeza wavu, unaendelea na hatua ifuatayo. Hiyo ni kuunganisha kwa ulegevu. Kwa kitu kizito ndani ya hewa inafanya kazi vizuri. Ndani ya maji, tungamo la nyongeza likikaribia tungamo la kitu chenyewe, kani iliyochelewa hatua moja huirusha silinda mbali mno, kani inayofuata inairudisha mbali zaidi, na baada ya hatua chache namba zinakwenda kwenye mabilioni. Causin, Gerbeau na Nobile walilieleza jambo hili kihisabati mwaka 2005, na jambo ambalo mtafiti mpya hulipata kwa uchungu ni kwamba kupunguza hatua ya muda hakuponyi. Mara nyingine kunazidisha.

Dawa ni kurudia ndani ya hatua ileile ya muda. Kokotoa mtiririko, isogeze silinda, rudi ukokotoe mtiririko tena kwenye mahali hapo papya bila kusogeza saa, hadi mahali pa silinda pasibadilike kwa zaidi ya, tuseme, sehemu moja ya milioni ya kipenyo. Kati ya marudio, usikubali msogeo wote mpya. Kubali sehemu yake, na uiache njia ya Aitken irekebishe sehemu hiyo kwa kulinganisha marudio mawili yaliyotangulia. Kwa silinda yetu yenye uwiano wa tungamo wa 10 marudio machache yatatosha. Kama mtiririko unakokotolewa na programu moja na kitu na nyingine, kwa mfano OpenFOAM na CalculiX, programu ya preCICE inaweza kuziunganisha na kuyasimamia marudio haya.

Anza silinda ikiwa imeshikwa hadi mizunguko itulie, kisha iachie.

Hatua ya tisa: kusoma matokeo

Chora kwanza mwendo wa silinda dhidi ya muda, na uutazame kwa macho yako kabla ya kuupitisha kwenye uchambuzi wa frikwensi. Upeo utakua kwa mizunguko mingi kabla ya kutulia. Katika mtiririko tulivu wa aina hii, upeo mkubwa kabisa ni takriban 0.6 ya kipenyo. Ukipata vipenyo viwili, usisherehekee.

Ubainifu wa frikwensi ni 1 gawa kwa muda wa rekodi. Rekodi ya mizunguko 20 ina sekunde 121, hivyo vituo vya frikwensi vimeachana kwa 0.0083, ambayo ni asilimia 5 ya frikwensi tunayoitafuta. Kwa usahihi wa asilimia 1 unahitaji mizunguko 100, au upime moja kwa moja muda kati ya vuko moja la sifuri na lingine, njia ambayo kwa mwendo safi kama huu ni bora zaidi.

Kisha kagua nishati. Zidisha kani ya upande kwa kasi ya silinda, jumlisha kwa mzunguko mzima. Mtetemo ukishatulia, kazi iliyofanywa na maji lazima iwe sawa na nishati iliyoliwa na ufifishaji. Kama hakuna ufifishaji, lazima iwe sifuri. Sijui kipimo kingine kinachofichua makosa ya kuunganisha kwa haraka kama hiki.

Ili kuuona ufungamano wenyewe, badilisha ukakamavu wa springi huku kasi ya maji ikibaki ileile, ili kasi iliyopunguzwa, yaani kasi gawa kwa frikwensi ya asili na kipenyo, itoke takriban 3 hadi 10. Yetu ya mwanzo ilikuwa 6.06. Katikati ya safu hiyo mizunguko ya maji itaacha frikwensi yake na kuifuata ya silinda. Fanya safari ya kwenda na ya kurudi, kila hesabu ikianzia pale iliyotangulia ilipoishia, kwa sababu kwenye kingo za ufungamano jibu linaweza kutegemea ulikotoka.

Mtiririko ukiwa wa msukosuko

Mirija na nguzo halisi kwa kawaida ziko kwenye namba za Reynolds za maelfu au zaidi. Huko vipimo viwili hukuza mno kani, na unahitaji ama modeli ya msukosuko kama k-ω SST ya Menter ya mwaka 1994, ambayo ni nafuu lakini hulainisha mizunguko, ama uigaji wa mizunguko mikubwa katika vipimo vitatu, ambao ni ghali sana. Umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani, ukielezwa kwa namba isiyo na vizio (y+), uwe chini ya 1. Hatua zote zilizotangulia zinabaki vilevile, na kila moja inachukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya kumi: kuhifadhi kazi

Andika toleo la programu, faili zote za kuingizia, wavu, hatua ya muda, kigezo cha kusimamisha marudio, uwiano wa tungamo, ufifishaji, muda uliotupwa mwanzoni na idadi ya mizunguko iliyotumika kwa wastani. Hifadhi kani na msogeo wa kila hatua ya muda, kwa kuwa faili hizo ni ndogo. Picha kamili za mtiririko hifadhi chache tu, ishirini hivi katika mzunguko mmoja, zitoshe kutazamwa kwa programu ya ParaView. Kabla ya kupeleka makala yako kukaguliwa, mpe mwenzako folda hiyo peke yake, bila maelezo ya mdomo, aendeshe hesabu moja kwenye mashine nyingine na alinganishe upeo na frikwensi aliyopata na ulizoandika.